Mlio Ambao Mzee Bae Hakuusikia

Protus Wafula alikuwa muuguzi wa pekee katika saiti moja kaskazini mwa Riyadh, ambako kampuni ya Wakorea ilikuwa ikijenga kituo cha kusukuma maji. Zahanati yake ilikuwa kontena jeupe lenye kitanda kimoja, kabati la dawa na kiyoyozi kilichonguruma mchana kutwa. Alikuwa mtu wa Kimilili, Kenya, umri wake miaka thelathini na minne, mpole, mwenye mazoea ya kumshika mgonjwa bega anapozungumza naye. Watu walimwita daktari. Mwanzoni aliwasahihisha, baadaye akachoka, akawa anaitikia tu.

Asubuhi aliwatoa wachomeleaji vibanzi vya chuma machoni. Mchana, jua la Juni na Julai lilipokolea, aliwalaza walioishiwa maji mwilini na kuwawekea dripu. Kila baada ya miezi sita aliwapima wafanyakazi wote mapafu na masikio. Waliomtia wasiwasi zaidi walikuwa Wakorea wa karakana ya mabomba. Wengi wao walikuwa watu wazima waliokula chumvi nyingi kazini, wametoka kwenye viwanda vya meli kwao, wakaja huku kwenye mashine za kukata na kusaga chuma zilizolia tangu alfajiri hadi jua kuchwa.

Kiongozi wao alikuwa Bae Jong-su, mzee wa miaka sitini na miwili. Wenzake walimwita banjang, neno lao la mkuu wa kikosi, lakini kwa Wakenya alikuwa Mzee Bae. Alikuja Saudia mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, akarudi kwao, akaja tena na tena, hata Kiarabu chake cha saiti kikawa chepesi kuliko cha Protus. Sauti yake ilikuwa kubwa mno. Akikuomba chumvi mezani ungedhani anakugombeza. Wengi walimwogopa kwa ajili ya hiyo sauti, ila Protus aliwahi kumwona akiingia zahanati na mchomeleaji mgongoni, mtu aliyezimia kwa joto, akamlaza na kumpepea kwa helmeti yake mpaka akafumbua macho.

Mwezi wa tatu zamu ya kupima masikio ikafika. Mtu huketi ndani ya kibanda chenye dirisha la kioo, hedfoni masikioni, na kila anaposikia mlio hubonyeza kitufe. Protus huketi nje akiitoa hiyo milio, mmoja baada ya mwingine, mikubwa kwa midogo. Miezi sita nyuma, Bae alikuwa amefaulu kama kijana wa miaka ishirini. Protus alistaajabu lakini hakulitilia maanani.

Safari hii aliona jambo. Wengi wa wenzake Bae walikuwa wakiinamisha macho wanaposikiliza. Bae alikuwa amekodoa macho, akitazama kitu nyuma ya bega la Protus. Protus akageuka. Nyuma yake kulikuwa na kabati la dawa, na kwenye kioo cha mlango wake mkono wake mwenyewe ulionekana wazi, hadi kidole kilichokuwa juu ya kitufe.

Alichukua taulo, akalitundika kwenye kabati, akaanza upya.

Mkono wa Bae haukutikisika. Protus akaongeza sauti, akaongeza tena, hadi kiwango ambacho yeye mwenyewe angezivua hizo hedfoni kwa maumivu. Ndipo kidole gumba cha mzee kikabonyeza, tena kwa kusitasita.

Bae alipotoka kibandani alifunga mlango wa kontena mwenyewe.

"Mzee, husikii," Protus alisema, uso ameuelekeza kwake.

"Watu nawasikia."

"Unasoma midomo yao."

Bae aliketi ukingoni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza Protus alimsikia akishusha sauti, nayo ikatoka chini mno, kama mtu asiyejua tena kipimo chake. "Mradi umebakiza miezi kumi na minne. Wakijua, halas, yamekwisha, ni ndege ya kurudi kwetu. Nani kwetu atampa mzee kama mimi kikosi? Nikae ndani nitazame ukuta? Mimi kazi yangu ni mabomba. Sijui nyingine."

Kisha akainuka, akaushika mkono wa Protus kwa mikono yake yote miwili na kuinamisha kichwa. Protus aliona aibu, mtu wa rika la baba yake kumwinamia hivyo. Akaivuta fomu, akanakili zile namba za miezi sita iliyopita, akatia sahihi.

"Lakini niahidi," alisema. "Vizibo vya masikio kila siku. Na uwanjani usitembee peke yako."

"Mafi mushkila, hakuna shida, daktari," Bae alijibu, sauti yake kubwa imemrudia.

Kwa wiki kadhaa Protus alimwona akivuka uwanja na mwenzake ubavuni, akatulia moyo.

Katikati ya mwezi wa sita, Dalmas Ogutu alikuwa akirudisha nyuma tingatinga la kubebea mabomba. Dalmas alikuwa Mkenya mwenzake Protus, mtu wa Siaya, mwenye mwaka wa sita kwenye usukani huo bila kumgusa mtu. Kuyafikisha mabomba karakanani ilibidi arudi nyuma polepole, king'ora cha kurudi nyuma kikilia na taa yake ikimulika. Bae alitoka mlangoni peke yake, karatasi za vipimo mkononi, akakatisha nyuma ya tingatinga. Dalmas alimwona kwenye kioo cha pembeni, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Tingatinga likasimama, lakini bomba moja likateleza kwenye vyuma vilivyolishikilia, likabingirika na kuuvunja mguu wa mzee chini ya goti.

Protus ndiye aliyeufunga ule mguu pale chini, kwenye mchanga uliokuwa wa moto kama kikaango. Bae hakulia. Alikuwa akiuliza tu, kwa sauti ya kusikika saiti nzima, kama karatasi zake zimeokotwa.

Siku ya tatu Dalmas aliingia zahanati bila kubisha.

"Meneja Noh ananiambia king'ora hakikulia," alisema. "Ati kingelia, mzee angesikia. Ametoa fomu yenu ya mwezi wa tatu, masikio yake mazima kabisa. Kwa hivyo makosa ni yangu, na wananikatia ikama, kibali changu cha kukaa huku, nirudi nyumbani. Protus, kililia! Nilikisikia mwenyewe. Si wewe ulimpima yule mzee?"

"Nilimpima."

"Na anasikia?"

Protus akajiona akipanga pakiti za bandeji ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Nipe mpaka kesho, ndugu yangu," alisema hatimaye.

Dalmas akatoka. Mlango akauacha wazi, hewa ya moto ikaingia.

Kesho yake asubuhi Protus alipanda gari la saiti hadi hospitali alikolazwa Bae. Mzee alikuwa ameninginizwa mguu, amechangamka, akilalamikia uji. Protus akaketi mahali ambapo midomo yake ilionekana vizuri, akamweleza yote kuhusu Dalmas. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Bae alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"King'ora kiliwaka," alisema. "Taa yake niliiona ikimulika ukutani. Nikadhani ni ya mashine nyingine. Yule dereva hana kosa."

"Kosa ni langu," Protus akasema. "Niliandika uongo."

"Nilikuomba mimi."

"Uliomba. Aliyetia sahihi ni mimi."

Kisha Bae akasema, "Nenda ukawaambie. Usipokwenda nitawaambia mimi, na kwa sauti hii yangu wagonjwa wote wa ghorofa hii watajua." Alijaribu kucheka, kicheko hakikufika mbali.

Protus alirudi akaenda moja kwa moja ofisini kwa meneja Noh, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Aliweka mezani barua aliyoiandika njiani.

"Ulijua tangu mwezi wa tatu?" Noh aliuliza baada ya kuisoma mara mbili.

"Ndiyo, bosi."

"Ukaandika kuwa mzima?"

"Kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimhurumia. Sikufikiria walio karibu naye."

Noh aliitazama barua, akatazama nje dirishani, kule karakanani. "Huruma," alisema, kama anayeonja neno la kigeni. Kisha akamwamuru atoke.

Dalmas hakukatiwa ikama. Juma lililofuata alirudi kwenye tingatinga lake, na hakuja zahanati kusema asante. Protus hakuitegemea. Kampuni ikamleta daktari wake kutoka Korea, akawapima upya watu wote wa karakana huku amewageuzia viti kwenye ukuta mtupu. Kati ya Wakorea kumi na tisa, kumi na mmoja walikuwa wamepoteza usikivu, wawili karibu kama Bae. Wanne kati yao walikiri kuwa ujanja wa kutazama kioo walifundishwa na banjang wao. Mashine za kusaga zikajengewa kuta, na watu wakaanza kupokezana kila baada ya saa mbili. Hayo yote yangeweza kufanyika miaka mingi nyuma. Protus alilifikiria hilo mara nyingi, na kila mara lilimuuma upya.

Bae alirudishwa kwao akiwa na magongo mawili na faili nene, barua ya Protus ikiwemo. Baada ya karibu mwaka mzima bintiye alituma ujumbe: madai ya fidia yamekubaliwa, imeandikwa rasmi kwamba masikio ya baba yake yaliharibiwa na kazi. Sasa ana vifaa vya kusaidia kusikia, ila huvivua jirani akianza kuimba.

Protus naye hakuongezewa mkataba. Faili lake likabeba onyo, lakini Noh alimsainia karatasi ya kutafuta kafili mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini, na akapata kazi Jeddah, kwenye zahanati ndogo ya Sharafiya inayohudumia mafundi wa gereji na vibarua wa bandarini. Alipanga chumba mtaa wa Ruwais.

Mwaka huu, Ijumaa moja, Dalmas alimpigia simu. Alikuwa Jeddah kwa siku mbili. Walikutana kwenye mkahawa wa Wayemeni karibu na zahanati, wakala wali na kuku bila maneno mengi.

"Nilikukasirikia sana," Dalmas alisema mwishowe. "Si kwa ile fomu. Kwa kuniambia nikupe mpaka kesho. Ule usiku sikulala, nikifikiria nitawaambia nini watoto."

"Najua."

"Hujui. Lakini ulisema ukweli, na ulikupotezea kazi. Basi tuyaache." Alijipangusa vidole, akavuta kiti. "Sema tena hilo la kwanza, ulivyoniuliza kuhusu safari. Huku upande wa kushoto sikukushika vizuri."

Protus aliweka kijiko chini. Kushoto ndiko injini ya lile tingatinga iliko.

"Ni tangu lini?" aliuliza.

Dalmas aliinua mabega. "Mwaka hivi. Mke wangu ndiye analalamika kwenye simu."

Zahanati ilikuwa imefungwa Ijumaa hiyo, lakini Protus alikuwa na ufunguo. Walivuka barabara pamoja, Protus akapita upande wa kulia wa rafiki yake ili waendelee kuzungumza, akawasha taa, akaanza kuipasha moto mashine ya kupima masikio.