Ukurasa Ambao Klara Hakuuchana

Klara alikuwa na wivu, na hakujua kuuficha. Ukiwa mteja wake ukasimama mbele ya fundi mwingine, hata kama ulisimama kufunga kamba ya kiatu, kabla jua halijazama ungesikia kwamba umehama. Ubaya wake ulikuwa huo, nasi tuutaje mapema, maana mengineyo yote yalikuwa mazuri.

Alizaliwa Rangwi, akafundishwa kushona na masista, na mwaka wa Uhuru akaja Lushoto mjini na cherehani ya miguu iliyofungwa kwenye gunia. Aliiweka kwenye baraza la duka moja, akatundika kanga kuukuu iwe pazia, akaanza kazi. Hakuolewa. Akiulizwa, alijibu kwamba ameshaolewa na wanawake wote wa Lushoto, na kwa jinsi alivyowaonea wivu, hakuwa mbali sana na ukweli.

Masista walimzoesha pia kuandika. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake katika daftari la jalada jeusi: bega, kifua, kiuno, urefu. Chini yake Klara aliongeza yale ambayo futi ya kupimia haiyasemi. Huyu bega la kulia limeshuka kwa kubeba kuni. Huyu ni mjamzito, usimkaze kiuno, mwenyewe bado hajasema. Huyu ana kovu la moto mgongoni, asikatiwe shingo pana. Yale wanawake waliyomwonyesha nyuma ya kanga ile hawakuwaonyesha hata dada zao. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ukurasa mzito kuliko zote ulikuwa wa Marta, mama Dorkasi, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri na rafiki yake mkubwa. Mwaka wa sabini na mbili Marta alilazwa hospitali, akakatwa titi la kushoto. Aliporudi watu waliambiwa ulikuwa uvimbe tu, umekwisha. Aliyejua ni mumewe, na Klara. Klara alishona kimto, akakijaza sufi, akawa anakiongeza na kukipunguza mpaka kikalingana na upande wa pili, kisha akakishikiza ndani ya gauni. Jumapili iliyofuata Marta alisimama mstari wa mbele. Klara, Mkatoliki wa kuzaliwa, alikosa misa yake ili akachungulie mlangoni kwa Walutheri kama gauni limekaa vizuri. Lilikaa. Akarudi nyumbani anatembea kwa maringo utadhani ndiye aliyeimba.

Mwaka wa sabini na tano mafundi saba wa mjini, Klara mmoja wao, waliungana kuwa ushirika. Walipewa nyumba moja yenye baraza refu, wakatundika ile kanga ya Klara pembeni iwe pazia la kupimia wateja wote, wakamchagua Mbaraka, mshona kanzu, awe mwenyekiti. Mbaraka alikuwa mtu mwema, ila alipenda mikutano kuliko kanzu. Katika mkutano wa pili alisimama.

"Ndugu zangu, cherehani sasa ni zetu sote, na vitambaa ni vyetu sote. Iweje vipimo viwe vya mtu mmoja mmoja? Kila fundi alete daftari lake. Tutanakili yote katika kitabu kimoja, kikae mezani, mteja akija fundi yeyote amshonee."

Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama wateja wenyewe wameulizwa. Kazi ya kunakili alipewa Jenoveva, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri.

Sasa, Jenoveva ndiye mwiba wenyewe. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, ametoka Tanga na mitindo ya mikono yenye kufura, na wanawake walikuwa wanamsifu mpaka sokoni. Klara alimwonea gere tangu siku ya kwanza. Na leo aambiwe amkabidhi wateja wake, tena kwa majina!

Alasiri ileile alikaa nyuma ya pazia na daftari mapajani, akaanza kuchana kurasa. Alichana wa mwenye kovu, akachana wa mjamzito, akachana kila ukurasa wenye neno lisilofaa kukaa mezani. Alijiambia kwamba anawasitiri, na hilo lilikuwa kweli. Alipofika kwa Marta mkono ukasita. Maana asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemwona Marta, kwa macho yake, amesimama kwenye cherehani ya Jenoveva, wanacheka, Jenoveva amemshika mkono. Marta! Baada ya kila kitu! Kijiba cha roho kikamshika.

"Kama anamtaka Jenoveva," alisema peke yake, "basi Jenoveva naye ampate na siri zake zote."

Akafunga daftari, ukurasa wa Marta ukiwa ndani, akalipeleka mezani.

Siku mbili alingoja. Moyoni alitaka Jenoveva apayuke mbele ya watu, ili Marta aone amekimbilia kwa nani, arudi akilia. Lakini Jenoveva hakupayuka. Siku ya tatu alimfuata Klara peke yake kwenye cherehani yake na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, dada Klara."

"Marahaba."

"Huu sikuunakili. Nimeona zile nyingine ulizichana, nikadhani huu ulikupita. Kitabuni nimeandika jina tu, kwamba vipimo ataulizwa mwenyewe."

Akauweka juu ya cherehani, akatoka. Hakukemea wala hakutabasamu. Klara alitamani angekemea.

Na angeishia hapo, akauchoma ule ukurasa, hadithi ingekuwa fupi. Lakini wivu ulimnong'oneza: huyu binti sasa anajua. Atakwenda kwa Marta, atajisifu jinsi alivyomtunzia siri, na Marta atampenda kabisa. Klara akajifunga kanga, akapanda kilima upesi ili afike wa kwanza. Alimkuta Marta shambani, anapalilia kabichi.

"Onga mshi, mama Dorkasi," alimsalimu kwa Kisambaa. "Nimekuja kukuonya. Yule Jenoveva ameusoma ukurasa wako."

Mkono wa Marta ulikwenda wenyewe kifuani, upande wa kushoto. "Amesoma nini?"

"Yote. Hata kimto."

"Nani alimpa?"

"Mwenyekiti aliagiza madaftari yote yaku—"

"Sikuulizi mwenyekiti. Daftari lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Kwa hiyo wanawake wote wa mji huu wamesomwa?"

Klara hakuwahi kuwa mwepesi wa uongo. "Hapana. Kurasa za wengine nilizichana."

Marta aliweka jembe chini. "Za wengine ulizichana."

"Nilikuona kwake! Mnacheka, kakushika mkono. Nikajua umehama."

"Nilipeleka vipimo vya sare ya shule ya Dorkasi. Si ninyi wenyewe wa ushirika mliamua sare zote ashone yeye? Tulikuwa tunacheka jinsi mtoto alivyorefuka." Akakung'uta udongo mikononi. "Na ukurasa uko wapi?"

Klara akautoa kwenye pindo la kanga.

"Umeupataje?"

Hapo ndipo Klara alipoona shimo alilojichimbia. "Alinirudishia Jenoveva. Hakuunakili."

Marta aliufungua, akausoma pole pole mpaka mwisho, akaukunja tena. Sauti yake haikupanda. "Klara, mimi nilikuvulia nguo wewe. Sikuuvulia ushirika. Ungekuja ukaniuliza, pengine ningesema ndiyo, pengine hapana. Hukuniuliza. Uliponikasirikia ukanitoa."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nimekusamehe," alisema Marta, akaokota jembe.

Klara aliteremka akiamini yamekwisha. Pasaka ilikuwa inakaribia na kwaya ingehitaji magauni mapya. Akanunua sufi mpya, akaitoa mbegu moja moja, akaiweka kwenye kikapu chini ya cherehani.

Wiki iliyofuata Marta alikuja na kitambaa cheupe. "Habari za kazi, Klara," alisema kwa heshima, akapita. Akaenda mpaka kwa Jenoveva, na wote wawili wakaingia nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa kanga ya Klara. Klara akaondoa miguu kwenye cherehani ili asikie.

"Niandike, mama Dorkasi?" aliuliza Jenoveva.

"Usiandike. Kumbuka tu."

Kisha Jenoveva akatoa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Dada Klara, samahani. Kile cha ndani ulikijaza kiasi gani?"

Klara akainuka na kikapu mkononi, mdomo umeshafunguka kwa furaha.

"Usimuulize," ilisema sauti ya Marta kutoka nyuma ya pazia. "Tutakipima wenyewe."

Jenoveva alirudisha kichwa ndani. Klara akakaa, akasukuma kikapu chini ya cherehani kwa mguu, akaendelea na pindo la gauni la mtu mwingine.