Jirani wa Ng'ambo ya Ruzizi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila vita vikirudi kwetu hunijia yenyewe bila kuitwa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimekaa na wenzangu katika mgahawa wa Mkongo mmoja pale Dengfeng, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, mbele yangu ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, ambavyo sikuwa nimevigusa. Nilikuwa kijana bado, na niliamini kwamba mtu akinyamaza hatahesabiwa kuwa amesema.

Jana ulinionyesha kwenye simu yako maneno mnayoandikiana katika kundi lenu kuhusu Wanyarwanda, ukaniuliza kama nitakuja kwenye mkutano. Sikukujibu. Usidhani nilikudharau. Nilichoka tu, maana mkutano huo mimi nimeuona ukiitishwa tena na tena, watu wakibadilika na maneno yakibaki yale yale. Leo nimepumzika kidogo, kaa nikueleze.

Mimi nilikuja China kusoma, nikajifunza lugha yao vizuri, na masomo yalipoisha nikashuka hapa Guangzhou kuwa mkalimani wa wafanyabiashara. Nilikuwa mgeni kabisa wa mambo ya soko. Aliyenishika mkono ni Anastase, muuza viatu, Mnyarwanda wa Kamembe. Wewe umezaliwa Bukavu kama mimi, kwa hiyo sina haja ya kukueleza Kamembe iko wapi. Ukisimama kwetu kando ya ziwa unaziona taa zao, ukivuka daraja la mto Ruzizi kwa miguu umefika. Kinshasa mimi nimeiona nikiwa mtu mzima, tena kwa ndege. Kamembe nilikuwa natumwa na mama nikanunue maziwa.

Anastase ndiye aliyenipeleka Shisanhang mara ya kwanza, kwenye zile nguo za jumla, akanifundisha kwamba laoban, yaani mwenye duka, akikuambia bei huku anatazama pembeni, bado hajasema bei. Jumapili tulisali pamoja katika ukumbi wa kukodi karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Kwaya yetu iliimba Kiswahili, na sauti yake nzito ndiyo iliyokuwa sakafu tuliyosimama juu yake sisi wengine. Wakongo, Wanyarwanda, Watanzania wa Mwanza, Warundi, wote tulikuwa safu moja.

Kisha vita vikarudi mashariki ya Kongo. Simu kutoka nyumbani zikawa za kilio. Wakuu wa nchi zetu mbili wakaanza kurushiana maneno redioni, na maneno yale, mwanangu, hayakuhitaji viza. Yalifika Guangzhou kabla ya jioni.

Hayakuanza na matusi. Yalianza na utani. Anastase akiingia mgahawani, mtu anauliza kwa sauti kama leo jirani amekuja kula au amekuja kuhesabu vilivyobaki. Watu wanacheka, naye anacheka. Baadaye utani ukaisha na kicheko kikaisha, vikabaki viti. Akikaa, watu wa meza ile wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Ikasemwa kwamba Wanyarwanda wote hapa ni wapelelezi, kwamba kila jozi ya viatu wanayouza inanunua risasi. Tukaanza kusikiliza lafudhi za watu na kutazama pua zao. Dada mmoja wa Bukoba, Mtanzania kabisa, alinyimwa nafasi kwenye kontena kwa sababu ya urefu wake na pua yake. Alipotoa pasipoti watu wakamwomba radhi wakisema, "Samahani dada, tulidhani wewe ni mmoja wao." Wakaridhika kwamba haki imetendeka.

Jumamosi ile niliyokutajia ndiyo tulikuwa na kikao. Aliyekiongoza alikuwa muuza simu mmoja mwenye ofisi kubwa, mtu mkarimu siku nyingine zote. Akasema kuanzia leo Mkongo hatasafirisha mzigo na Mnyarwanda, hatakula naye, hatamfasiria, na kwenye kwaya wajitafutie pa kuimbia. Neno "hatamfasiria" alilisema akinitazama mimi, maana wateja wangu karibu wote walikuwa wamekaa pale. Akauliza kama kuna anayepinga. Nikatazama sombe.

Tulikuwa hatujanyanyuka bado alipoingia Mama Nabintu.

Huyu alikuwa Mkongo mwenzetu wa Uvira, muuza vitenge, mtu mzima kuliko sisi sote mle ndani. Miezi michache nyuma mwanawe wa pili alikuwa ameuawa huko huko nyumbani, katika vita vile vile tulivyokuwa tukivijadili. Sote tulikuwa tumeketi kwenye matanga yake, hapa hapa ugenini, bila kaburi la kulitazama. Alipoingia watu walisimama, na mwenye kikao akamvutia kiti, akifikiri amekuja kutuunga mkono. Hakukaa. Alinijia mimi.

Akaniambia Anastase yuko hospitali tangu asubuhi, tumbo limemshika, mlinzi wa jengo lao ndiye aliyempeleka. Madaktari wanataka kumpasua na wanamwuliza mambo, naye hajui Kichina zaidi ya kile cha kupunguziana bei. Yeye mwenyewe ametoka huko, amejaribu kwa mikono na kwa ishara, hakueleweka.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, tumekubaliana hapa..."

Hakunipandishia sauti. Wala hakuwatazama wengine. Alisema, "Justin, mwanangu, aliyefiwa ni mimi. Mbona wewe ndiye mwenye kilio kikubwa?"

Mwenye kikao akajaribu kusema kwamba ni kwa ajili ya uchungu wake yeye Mama tumeamua hivi. Hapo ndipo alipomgeukia.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usinisaidie kuubeba kwa kumtupia mwingine. Sijasamehe mtu, tusidanganyane. Waliomuua mwanangu sijawasamehe, na lugha yao nikiisikia natamani kuondoka. Nilitamani hivyo hivyo pale hospitali. Lakini huyu alikuwa hapa, na ninyi, akipima viatu. Siku mwanangu anakufa, huyu alikuwa hapa."

Akatoka. Nami nikamfuata. Ningependa kukuambia kwamba nilitoka kwa ujasiri, ila ukweli ni kwamba nilitoka kwa aibu. Aibu nayo ina kazi yake, hufungua mlango ambao ujasiri haukuweza.

Tukamkuta Anastase amejikunja, uso umekuwa wa majivu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari, mama mmoja wa Kichina mwenye haraka, aliponisikia nikizungumza akashukuru mbingu na kunimiminia maswali. Nikayapeleka kwa Anastase moja moja. Kwenye swali la dawa akanishika mkono, akasema utotoni alichomwa sindano ya penisilini akazimia hadi wakamlilia. Nikamgeukia daktari, na hata kabla sijamaliza akampigia kelele muuguzi aliyekuwa anakuja na sinia, akarudishwa alikotoka. Sijui, mwanangu, kilikuwa nini kwenye sinia lile. Sikuuliza wakati ule, na sasa nimekuwa mzee sitaki kujua.

Kisha daktari akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Ndugu yake mimi siye. Rafiki yake, baada ya kikao kile, sikuwa na haki ya kusema. Wachina wana neno, laoxiang, maana yake mtu mliyetoka naye sehemu moja, mtu wa kwetu. Likanitoka hilo. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo linaloonekana wazi, akaingia kazini. Kwake yeye tulikuwa watu wawili wa ziwa moja, walio mbali na kwao. Ilibidi mgeni anichukulie hivyo ndipo nikumbuke kwamba ni kweli.

Alipona. Mama Nabintu alimpelekea uji mpaka alipotoka, akiuacha mezani na kuondoka, bila mazungumzo marefu. Kwa uji ule aliitwa msaliti. Mama aliyezika mwana akaitwa msaliti na vijana ambao hawakuwa wamezika hata paka! Mimi nilipoteza wateja, nikaishi kwa shida, nikafasiria Wasomali na Wamali mpaka hali ikatulia.

Kwa maana hali ilitulia. Husemwa ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tuliacha majembe tukaingia kwenye ugomvi. Haukupita muda mrefu wakuu wale wale wakaonekana kwenye televisheni wamepeana mikono, wanatabasamu. Juma lililofuata wafanyabiashara wetu walikuwa wanatafuta Wanyarwanda wa kujazia kontena. Hakuna aliyeomba radhi. Mwenye kikao alimwagizia Anastase soda, akamwuliza habari za afya kana kwamba alikuwa safarini.

Anastase alikunywa soda. Alikuwa mtu mpole. Ila kwenye kwaya hakurudi tena, na tulipoimba sote tulisikia shimo pale alipokuwa akisimama. Alipofunga biashara kurudi kwao nilimsindikiza uwanja wa ndege. Nikategemea, kwa upumbavu wa ujana, kwamba atanishukuru, nami nitasema si kitu. Alinishukuru kweli. Akanishika bega, akasema, "Ulikuja, Justin, sitasahau. Lakini najua pia kwamba ulitumwa."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea.

Baadaye vita vilirudi, vikaenda, vikarudi, na kila mara watu wakaanza kutazamana pua. Usifikiri ni ugonjwa wetu peke yetu. Padri mmoja wa Kizungu aliyetufundisha shule alitusimulia jinsi huko kwao, Waingereza walipoanza kuhasimiana na Wajerumani, watu walivyoanza kwa kunong'ona kwamba kila mhudumu wa hoteli Mjerumani ni jasusi, mpaka vita vilipokuja wakavunja madirisha ya waoka mikate wa Kijerumani waliokaa nao mtaa mmoja miaka yote. Asubuhi yake, alisema padri, mtaa ule ule ulitafuta mkate. Tulicheka darasani. Tulidhani anatuchekesha.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, uichukue au uiache. Sikukatazi kuililia nchi yako. Nchi inayovuja damu huliliwa na nani kama si wanawe? Wala sikuambii kwamba wote wana haki sawa. Wanaoua wanajulikana na Mungu, na siku moja watajulikana na mahakama. Ninachokuambia ni kwamba ugomvi wa ikulu usiupe kiti mezani pako. Ukitaka kumshitaki mtu, mshitaki kwa alichofanya yeye, na si kwa upande wa mto alikozaliwa. Utani wa kwanza ukisikia, usiucheke, kwa sababu huo ndio mlango, na baada yake mtu hajui amefikaje chumbani. Na pale watakapouliza kama kuna anayepinga, usitazame sahani. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ndiyo ya kuusimamisha wima useme.

Zaidi ya yote, usingoje kutumwa. Mwema aliyetumwa ni mwema, ila jirani yako atajua. Mtangulie anayekuja kukutuma.

Huko kwenye mkutano mimi sitakuja. Miguu imechoka, na masikio yamechoka zaidi. Nenda wewe, kama utakwenda kusema.

Mola aliyetuwekea ziwa moja kati yetu akupe moyo mpana kama maji yake. Akulinde ugenini, akurudishe nyumbani ukiwa na watu wengi wa kuwaita wa kwetu kuliko uliotoka nao. Na akifa mtu wako, mwanangu, asikosekane jirani wa kukuletea uji.