Cherehani ya Kiwiko

Jina alilopewa na wazazi wake watu walilisahau zamani. Wote walimwita Nati, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kuona nati akaiacha ikae kwa amani. Alifungua redio, akafungua kufuli, akafungua hata kitanda cha bibi yake, na bibi mwenyewe akiwa amelala juu yake. Alipomaliza shule akaingia kwenye karakana ya baiskeli, msichana pekee kati ya wanaume. Wateja walimpita pale alipochuchumaa, mikono imejaa grisi, wakaulizia fundi yuko wapi.

"Ndiye huyo unayemkanyaga," bosi wake alikuwa akiwajibu.

Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa mshonaji. Mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Kisha ugonjwa ukampiga. Alilazwa hospitali muda mrefu, akatoka kwenye kiti cha magurudumu, mzima wa kila kitu isipokuwa miguu, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Ikasukumwa pembeni mwa sebule, ikafunikwa shuka.

Kilichomuuma Nati zaidi ya kile kiti cha magurudumu ni ukimya. Shangazi aliyekuwa hakosi la kusema sasa aliitikia "sawa" kwa kila jambo. Ukimletea chai isiyo na sukari, sawa. Ukimwambia jirani kaharibu gauni alilomshonea, sawa.

Jumamosi moja Nati akarudi na habari: kiwanda cha sare za shule kilichokuwa mtaa wa pili kilitafuta washonaji.

"Nikashone kwa nini, mwanangu? Kwa masikio?"

Nati akaangua kicheko; ulikuwa mzaha wa kwanza tangu hospitali. Halafu kicheko kikamkatika ghafla. Akaitazama mikono ya shangazi. Mikono yote miwili ilihitajika kuongoza kitambaa, hilo halina ubishi. Lakini juu ya mikono kuna nini?

"Masikio hapana, shangazi. Kiwiko je?"

"Umeanza," shangazi akasema, lakini hakusema sawa.

Nati akapata mota ya cherehani kuukuu kwa fundi umeme jirani, akaifufua. Kanyagio lake akalipandisha juu ya meza, akalifunga mahali ambapo kiwiko cha kulia hutua chenyewe. Wakajaribu. Shangazi akagusa kidogo tu, cherehani ikatoka mbio kama mbwa aliyekata kamba, na kabla hawajachomoa waya, mkono wa gauni la shangazi ulikuwa umeshonwa pamoja na kitambaa cha meza.

"Nimesema nataka kushona," shangazi akapiga kelele, "sikusema nataka kushonwa!" Akacheka mpaka akapaliwa, akabaki pale amefungwa kwenye meza yake mwenyewe huku Nati akitafuta mkasi.

Kesho yake bosi akasikiliza kisa kizima, akatikisa kichwa. "Wewe fundi baiskeli gani? Unamtuma mtu mteremkoni, breki hujamwekea?"

Nati akajipiga kofi kwenye paji la uso. Jioni hiyo akafunga raba ya breki ya baiskeli kando ya gurudumu la cherehani, akaiunganisha kwa waya wa breki na lile kanyagio la kiwiko. Ukikandamiza, raba inaachia, sindano inatembea. Ukiinua, raba inauma gurudumu, sindano inasimama papo hapo. Haikuchukua muda, shangazi akawa anazungusha kola bila kutazama, akimsema jirani wa lile gauni.

Wakaenda kiwandani, cherehani juu ya mkokoteni, shangazi amevaa na kupendeza. Mlangoni Nati akaganda. Mbele yao kulikuwa na ngazi, tena ndefu.

"Nimefikiria kila kitu," akasema, machozi yakimlengalenga, "ngazi nimezisahau."

"Usijali. Hata mimi miguu yangu huwa naisahau, mpaka nitake kusimama."

Meneja, mama wa makamo, akatoka kuona kuna nini. Vijana wawili wakajitolea kumbeba mgeni. Shangazi akainua mkono. "Mimi si gunia. Tupeni umeme hapa hapa."

Waya ukapitishwa dirishani, na shangazi akashona shati la mwanafunzi uani, watu wamejazana madirishani. Meneja akauvuta mshono huku na huku.

"Mshono hauna neno," akasema. "Lakini kwa kweli, nibadilishe meza na mlango kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Wawili!" Sauti ilitoka dirishani, ya mshonaji mwenye mimba kubwa. "Mama meneja, miguu yangu imevimba, viatu vyenyewe vimenikataa. Kiwiko changu kizima!"

"Watatu," akadakia mwenzake mwenye goti bovu.

"Basi, basi!" Meneja akacheka. "Msije mkanipindulia kiwanda."

Ngazi hazikubomolewa, ila pembeni yake pakajengwa mteremko wa saruji, na shangazi hakukanyaga, yaani hakuzungusha gurudumu mle ndani, mpaka saruji ilipokauka. Nati akapewa kona yake, akawa anafunga makanyagio ya kiwiko asubuhi na kurudi kwenye baiskeli mchana, bosi akilalamika kwamba kaibiwa fundi, huku akimtangaza kwa kila mteja. Wasichana wawili wa mtaani wakaja kujifunza, na shangazi akawafundisha kushona kwa matusi madogo madogo ambayo hayakumkera mtu.

Siku moja akaingia mwanamke kijana mwenye mkono mmoja. Akazitazama zile meza kwa muda, kisha akamgeukia Nati.

"Na mimi je?"

Nati akakuna kichwa.

"Sijui bado," akasema.

"Anajua nini huyu," shangazi akaita kutoka kwenye meza yake. "Mvutie kiti mwenzako, mwanangu, umletee chai. Tufikirie wote."