Kiti cha Matangani

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja hapahapa Etterbeek, mtaa wa jirani na Bunge la Ulaya, nikiwa kijana mwenye sauti nzuri na akili changa. Umeniambia kwaya yenu imealikwa kumwimbia yule mbunge Mjerumani anayestaafu. Basi kaa kwanza, unywe chai.

Siku ile mzee wetu mmoja alikuwa amefariki, tukaweka matanga katika ukumbi wa kanisa. Mheshimiwa huyo wenu akaja. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia Bunge la Ulaya, mtu wa chama cha wahafidhina, Mkristo wa ibada kila wiki. Alivua koti, akala fufu, ugali wetu wa muhogo, kwa mkono, akasema familia ndiyo msingi wa taifa. Mwanangu, alitupata! Tukamkalisha kwenye kiti cha karibu na picha ya marehemu, kile ambacho sisi watu wa Kivu humwekea mkubwa wa ukoo. Tangu hapo tuliimba kwenye mikutano yake yote.

Nami nilikuwa na haja yangu. Mama yangu alikuwa Bukavu, mgonjwa, peke yake, nami nilihangaika kumleta huku. Nilipomweleza mheshimiwa, alinishika bega.

"Mama ni mama. Nitasimama nanyi."

Nikampigia mama simu ashone kitenge cha safari.

Kisha ikaja kura bungeni, ya kubana njia ya wazazi kuwafuata watoto wao Ulaya. Nilikwenda nikakaa kwenye viti vya wageni ili nimwone akitutetea. Mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono ya kwanza kuinuka, kuunga mkono kubana. Nilipomfuata nje aliniambia kwa upole kwamba chama kilikuwa kimeamua, na kwamba kwaya yetu ilikuwa nzuri mno. Haukupita muda akapewa uenyekiti wa kamati.

Maman Furaha, mkubwa wa kwaya yetu, alinikuta nalia. Hakunibembeleza.

"Bon, muliona anakula. Nani aliona analia? Muntu wa matanga hatumujue kwa kula, mutoto wangu. Tunamujua siku ya kubeba jeneza."

Mama alifia Bukavu, kitenge chake hakijavaliwa. Karatasi zangu za ukaaji hazikuniruhusu hata kwenda kumzika, tukaweka matanga huku. Uchaguzi ulikuwa karibu. Mheshimiwa akaja na mpiga picha, ili watu wa kwao waone anavyopenda familia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kile. Maman Furaha akamtangulia, akakigeuzia ukutani.

"Papa député, leo tunakaa chini. Alors, karibu kwa mukeka."

Alitazama mkeka, akatazama saa, akaondoka.

Alishinda, bila shaka. Alishinda kila mara, na sasa anaagwa kwa shangwe. Mimi bado nina uchungu, wala sioni haya kuusema.

Kuimba kaimbe ukitaka, sikukatazi. Lakini wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mkubwa akija kwako mkaribishe, mpe chakula, mpe maji ya kunawa. Kiti cha ukoo usimpe, mpaka umwone akiinua mkono kwa ajili yako mahali ambapo wako haufiki.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mama yako akusikie ukiimba, akiwa hai, akiwa karibu, akiwa amevaa kitenge chake.