Ukungu wa Zakia

Zakia wetu alikulia ukingoni mwa milima ya Usambara, juu kabisa ya kijiji cha Mnazi. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni, mweupe, umetulia tuli, na mama yake alimwambia asubiri tu, jua likipanda shamba litaonekana.

Alipoingia chuo kikuu kusomea sayansi ya bahari, wenzake walimpeleka ufukweni. Kulikuwa kumepambazuka punde. Akakaa juu ya jiwe, akatazama ule weupe wa bahari usio na mwisho mpaka saa nne ikapita.

"Mbona huji majini?" wakamuuliza.

Akajibu kama aliye ndotoni: "Nasubiri ukungu uondoke."

Walicheka hadi wakajishika mbavu. Alinuna siku mbili nzima.

Sasa anatafiti matope ya sakafu ya bahari. Likizo iliyopita alimwamkia mama yake, akampa kichupa kidogo. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu alioukuta chini kabisa ya maji, ulioteremshwa na mto kutoka huku kwetu milimani.

Mama akakiinua kichupa juani, akakigeuza polepole.

"Si nilikwambia usubiri?" akasema. "Shamba letu hilo, limeonekana."