Shoki za Gari Lililoanguka Naro Moru

Kabla hujaanza kunitilia shaka, ujue mimi si mtu wa pombe, na jambo hili halikunipata usiku. Lilinipata mchana, mke wangu na mama yangu mzazi wakiwa wameketi kando yangu, na wote wawili walisikia nilichosikia. Majirani wamenicheka miaka hii yote nami nimezoea. Nawe cheka ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa na Landrova kuukuu ya kubeba maziwa huku Mukurweini. Nilizunguka vilimani, nikikusanya mikebe ya wakulima na kuipeleka kwenye kituo cha maziwa. Barabara zetu wakati wa masika huzijui? Udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na chini ya utelezi kuna mawe na mashimo. Weka maziwa juu ya gari linalorukaruka huko uone. Yatafika yamevurugika, mafuta yakielea juu, na karani atayakataa mbele ya watu.

Ndiyo maana nilikuwa mkali kuhusu shoki. Namaanisha shokabzoba, yale mabomba yenye mafuta ndani yanayotuliza gari likiruka. Watu wengi hudhani shoki hubeba mzigo. Haibebi! Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shoki ni kuituliza springi isiendelee kucheza, basi. Nakwambia haya kwa sababu usipoyaelewa hutaona kilichonitia hofu. Kila Jumamosi nililala chini ya gari nikipapasa kama kuna mafuta yanayovuja, nikitazama kama raba zimekatika. Kisha nilibonyeza kila kona kwa uzito wangu wote. Kona nzuri hupanda na kutulia. Ikiendelea kucheza, shoki imekufa.

Basi, zangu za nyuma zikafa. Zile mpya zilizouzwa Nyeri mjini hazikunifurahisha. Nyingine zilikuwa laini, za magari ya kwenda kanisani, na nyingine zilikuwa ngumu hivi kwamba gari likiwa tupu linakupiga figo. Nilikuwa nikilalamika hivyo kwenye gereji ya Njogu, fundi wangu, nilipoona nyuma ya ua mabaki ya gari kama langu, paa limebonyea mpaka kwenye viti. Lakini shoki zake za nyuma, ee bwana! Nene, za kutoka ng'ambo, fimbo zake zimenyooka, hata tone la mafuta halijavuja. Nilizifungua, nikazivuta na kuzisukuma kwa mkono, zikaenda polepole bila kukwama popote. Moyo wangu ukazipenda hapo hapo.

"Hiyo gari ilianguka Naro Moru," Njogu aliniambia. "Kuna mtu alikufa ndani. Enda kwanza uongee na watu wake, hata kama ni chai tu mtakunywa."

Kwetu ndivyo ilivyo. Kitu cha marehemu huchukui hivi hivi, hata kama kimeshauzwa kama chuma chakavu. Unakwenda kwao, mnaketi, wanakupa kwa mkono wao. Lakini Naro Moru ilikuwa mbali, maziwa yalikuwa yananingoja, na nilijiambia chuma ni chuma.

"Watu wake hawakuuza?" nilimuuliza.

Njogu aliinua mabega, akanipa spana.

Niamini, gari lilitulia ajabu. Maziwa yalifika kana kwamba yamebebwa mkononi. Ila asubuhi iliyofuata niliona gari limeinama. Kona ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa chini kana kwamba mtu mzima ameketi pale. Nikatoa mikebe yote, bado limeinama. Njogu akabadilisha springi, bado. Nikaitoa shoki ya upande ule, gari likasimama sawa. Nikairudisha, likainama tena. Unaelewa ninachokwambia? Shoki haibebi mzigo, kwa hiyo haiwezi kuinamisha gari. Haiwezi kabisa.

"Mimi nilikwambia," Njogu alisema, akaenda kunawa mikono.

Kwa nini sikuzitupa siku ile? Kwa sababu ya Muthoni, mke wangu. Alikuwa mja mzito, na mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa hiyo daktari alisema asitikisike. Nilijua kwamba siku ya kumpeleka hospitali shoki zile ndizo zingemfikisha salama. Nikaliacha gari liiname.

Mama yangu ndiye aliyemngoja mtoto yule kutuzidi sote. Mimi ni mwanawe wa pekee. Mtoto akiwa msichana angeitwa Wairimu, jina la mama, maana kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Mtu akishapata mtoto wa jina lake anajua hataondoka duniani moja kwa moja. Mama alishinda akiongea na tumbo la Muthoni. "Wewe Wairimu, unapigia mama yako teke ya nini? Umefanana na mimi, ukaidi tupu." Tulikuwa tunacheka, hata Muthoni ambaye hakuwa na nguvu ya kucheka.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati, alasiri ya mvua, na damu ikaanza kutoka. Nilishusha mikebe, nikafunga mlango wa nyuma kwa mnyororo, nikawapakia mbele, mama akimshikilia Muthoni kifuani. Tulipokaribia daraja la mto Gura ukungu ulikuwa mzito hata nikawasha taa. Na hapo kando ya barabara palikuwa na mwanamke, kitambaa kichwani, amesimama kama mtu anayengoja gari analolijua.

"Simama," mama alisema. "Mpandishe. Pengine anajua kuzalisha."

Nani angempita mwanamke mvuani, gari likiwa tupu nyuma? Nikasimama. Alipita dirishani kwangu bila kunitazama, akaelekea nyuma. Mnyororo sikuusikia. Sasa, mtu akipanda nyuma ya Landrova, gari hushuka kidogo, na dereva hulihisi jambo hilo kwenye kiti chake. Siku ile gari lilipanda. Ile kona ya kushoto ilijiinua taratibu, ikatulia, na gari likakaa sawa kwa mara ya kwanza tangu nizifunge shoki zile.

Tulivuka daraja tukaanza kilima. Kisha sauti ikasema nyuma ya kichwa changu, sauti ya msichana, ya upole tu:

"Gari yenu inatembea kama ile yetu."

Gari likasimama. Injini ilinguruma, gia ilikuwa ya chini kabisa, lakini magurudumu hayakuzunguka wala hayakuteleza. Tulikuwa kama ng'ombe aliyefungwa kwenye nguzo. Muthoni alilia mara moja halafu akanyamaza, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko kilio. Damu ilikuwa imefika kwenye sakafu.

"Shuka!" nilipiga kelele bila kugeuka. "Shuka kwa gari yangu!" Nilimtukana pia, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Nilikufa kabla sijaolewa," sauti ilisema. "Ndugu sina. Hakuna mtoto ataitwa mimi."

Mimi sikuthubutu kutazama nyuma. Mama aligeuka. Alimtazama yule aliyekuwa nyuma, akamtazama kwa muda mrefu, na alichokiona hakutuambia hata siku moja.

"Unataka mtoto ama unataka jina?" mama aliuliza.

"Jina."

"Jina tu?"

"Jina tu, mama."

"Unaitwa nani?"

"Nyaguthii."

Mama aliondoa mkono wake juu ya tumbo la Muthoni, akaushikilia mapajani.

"Basi, ataitwa Nyaguthii. Langu liache."

"Maitu, hapana," nilisema. Hivyo ndivyo tunavyoita mama kwa Kikuyu.

"Nyamaza, endesha gari," alinijibu.

Gari likapanda kilima kile kana kwamba ni tambarare. Mpaka leo sikumbuki kona nyingine yoyote ya safari ile. Hospitalini walimpokea Muthoni kwenye machela, nami nikaenda nyuma kutazama. Mnyororo ulikuwa umefungwa vilevile, kutoka nje, nilivyoufunga mwenyewe.

Msichana alizaliwa jioni ile. Muthoni alipona, lakini daktari alilazimika kutoa kizazi. Shangazi zangu walipokuja kumwona mtoto na kusikia jina, walichachamaa. Ati ni jina la nani? La upande gani? Mama aliwaambia, "Ni mimi nilisema."

Nilizifungua zile shoki, nikamwuliza Njogu njia, nikazipeleka Naro Moru. Baba wa marehemu alikuwa mzee mkulima wa viazi. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniambia gari lilikuwa la mwajiri wa binti yake. "Nyaguthii wangu alikuwa anapenda kukaa nyuma, huko kushoto," alisema, "ndio aone mlima wakirudi." Nilipomwambia jina la mtoto wangu aliketi pale pale shambani, kwenye udongo wenye maji.

Baadaye alikuja kwetu. Alimbeba mtoto akilia na kucheka, akimwambia, "Umerudi, umerudi." Mama alimpa uji, akamwekea kiti karibu na moto, kisha akasema anakwenda kumkatia ng'ombe majani. Mvua ilikuwa inanyesha na majani tulikuwa nayo tele. Alikaa huko nje mpaka mgeni akaondoka.

Gari halikuinama tena. Lakini binti yangu, hata sasa akiwa mtu mzima, akisafiri amelala huamka tukifika daraja lile, anaketi wima, halafu analala tena. Nimeacha kumwuliza.

Nawe unayenunua vitu vya gari vilivyotumika, sikukatazi. Tazama mafuta, tazama raba, vuta na usukume. Lakini uliza pia vilikuwa vya nani, na kama kuna aliyekufa navyo, nenda kwao hata kama ni mbali. Usiseme una haraka. Mimi nilikuwa na haraka, na aliyelipa si mimi. Nyaguthii nampenda, na amejaliwa wavulana watupu. Mama alimlea kwa mikono yake, akamwita Nyaguthii kila siku bila kinyongo mpaka alipokufa. Tulimzika nyuma ya nyumba, na kwetu hakuna Wairimu.