Machicha ya Ngano ya Mama

Mkutano wa kwanza ulifanyika Jumapili ndani ya kanisa letu la Waadventista, pale Ikonge, kwa sababu hakukuwa na jengo jingine lenye viti vya kutosha. Wazee wa kanisa walimpa afisa wa kampuni masharti mawili: asipande mimbarani, na asitamke neno pombe. Kiwanda chake kidogo, kando ya barabara ya Keroka, kilitaka ngano ya kutengeneza spiriti ya kupikia, ya kuwashia majiko badala ya kuni. Spiriti ya namna hiyo ni pombe iliyokolea, basi.

Kwa hiyo alieleza kwa kuzunguka. Ngano inasagwa, inachanganywa na maji ya moto, inatiwa hamira, inaachwa ichachuke, kisha inachemshwa na mvuke wake unakusanywa. Mzee mmoja alitafsiri kwa Ekegusii. Nilitazama nyuso za akina mama. Walisikiliza kama watu wanaosimuliwa habari za nchi ya mbali, ilhali hapakuwa na hata mmoja asiyejua chang'aa inavyopikwa.

Mimi hufanya kazi ya habari redioni, mjini Kisii. Niliinua mkono nikauliza machicha yatakuwa ya nani. Machicha ni yale makapi ya nafaka yanayobaki pombe ikishatoka, na ng'ombe huyapenda kuliko majani.

"Mwanangu," mzee akasema, "sisi tunazungumzia ngano. Hayo machicha umeyatoa wapi?"

"Mjini," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Mshahara wa redio tunajua unakoishia."

Watu wakacheka. Afisa akasema kwamba mabaki ni taka tu, na kampuni itagharamia kuyaondoa. Wakampigia makofi.

Mama yangu hakucheka. Tulipofika nyumbani aliniuliza, huku akimkatia ng'ombe majani, "Ulitaka nisimame niseme najua?" Kabla ya kubatizwa alikuwa akipika busaa, pombe yetu ya nafaka, na ndiyo iliyotununulia sare za shule. Kijiji kizima kinajua hivyo, na kijiji kizima kimekubaliana kutojua. Kampuni haikuhitaji kutudanganya. Ilitukuta tumekwisha kujiziba midomo.

Mama alitia sahihi mkataba wa kulima ngano. Michai yake hakuigusa, kwa kuwa ndiyo inayolipa kila mwezi. Aling'oa nepia yote, majani ya kulishia ng'ombe, kwenye kipande cha chini cha shamba akapanda ngano. Ng'ombe akawa anakula vigogo vya migomba, akingoja pesa za mavuno zimnunulie chakula.

Ngano ilizaa vizuri. Lori likaibeba, na bei ikashushwa kabla ya malipo. Sababu tuliyopewa ni kwamba kuni za boila, tangi la mvuke la kiwanda, zimepanda bei. Nikashuka bondeni kuangalia. Mikaratusi ya kule ilikuwa inakatwa na kupakiwa, ipelekwe ichemshe spiriti ambayo tangazo lake, lililobandikwa ukutani Keroka, lilisema inaokoa misitu. Sikuona mtu mwingine aliyesimama kulisoma.

Kisha nikampeleka mama Keroka kununua chakula cha ng'ombe, kwa maana maziwa yalikuwa yamepungua hadi kikombe. Duka ni la familia ya Kihindi iliyokaa pale miaka mingi. Mwenye duka alimfungulia gunia jipya, vumbi la kahawia lenye uchachu kwa mbali.

"Mama, chukua hii. Maziwa itarudi. Inatoka hapa hapa, si ya mbali."

Mama akainama, akanusa, akachota kidogo akakisugua kati ya vidole. Alikifunga kitambaa chake upya kichwani, akatoka nje, na gunia akaliacha.

Mimi nilikwenda kiwandani. Meneja alinipokea vizuri, akanionyesha mitambo yote, na nilipomuuliza faida iko wapi, hakuficha. Spiriti, alisema, inalipa kuni na vibarua, na miezi mingine hata hayo hailipi. Kinachokiweka kiwanda wazi ni chakula cha mifugo kinachotengenezwa kwa mabaki ya ngano. Asingekuwa nacho, angefunga.

"Na wakulima wanajua?"

"Wao wenyewe walifurahi tuyaondoe," akasema. "Uliza mtu yeyote aliyekuwepo."

Nilikuwepo. Ndilo lililonikera njia nzima nikirudi.

Mkutano wa pili uliitishwa palepale kanisani ili watu watie sahihi ya msimu mpya. Afisa yuleyule, mkalimani yuleyule. Mama akasimama, akasema kwa Ekegusii kwamba atalima ngano iwapo machicha yake yatarudi kwa ng'ombe wake. La sivyo, halimi.

Mzee akamuuliza, polepole, "Mama, wewe mambo ya machicha umeyajulia wapi?"

"Si ulikuwa unakunywa kwangu?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee alitazama sakafu. Afisa, ambaye hajui Ekegusii, akauliza, "Mama amesema nini?"

"Anashukuru," mzee akasema.

Nikasimama nikatafsiri upya, neno kwa neno, pamoja na hilo la kunywa. Afisa alinisikiliza hadi mwisho. Akasema mkataba ni mmoja kwa wote na yeye hana mamlaka ya kuubadilisha. Kalamu ikaanza kupita. Jirani zetu, wenye ng'ombe waliokondeana kama wetu, walitia sahihi mmoja baada ya mwingine bila kumtazama mama. Ilipomfikia aliipitisha kwa aliyeketi kando yake.

Vipando vya nepia alivipata kwa dada yake wa Kebirigo, lakini nepia hukua kwa wakati wake na ng'ombe hangeweza kungoja. Basi wakakubaliana kama wazee walivyokuwa wakifanya: ng'ombe akae Kebirigo kwenye majani, maziwa yawe ya anayemlisha, ndama atakayezaliwa awe wa mama. Nilimswaga mwenyewe asubuhi moja, mama akinifuata nyuma na fimbo ambayo hakuitumia. Kwa mama sasa tunakunywa chai ya rangi, isiyo na maziwa, na hapo ndipo msimamo wake ulipomfikisha, mwanamke pekee aliyesema ukweli katika kanisa zima.